Mwongozo wa Bingwa wa Bangi ya Machungwa Asiyevuna Kitu

Kwanza tuelewane, ndugu yangu. Hukuja kwangu kujifunza kilimo. Kilimo ungemuuliza mama yako, naye angekupa jembe. Umekuja kwa sababu Jumamosi iliyopita, uani kwa mtu fulani huko Scarborough, jamaa alifungua chupa, harufu ya chungwa lililomenywa ikatanda, na wote waliokuwapo wakamtazama kwa jicho ambalo hawajawahi kukutazama wewe, hata siku ile uliponunua gari. Sasa nawe unataka chupa. Unataka kusema "hii nimeotesha mwenyewe" kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa makuu. Hilo nitakupatia. Bangi yenyewe ni habari nyingine.

Masharti ni machache. Uwe Ontario, uwe umetimiza miaka 19, na mwenye nyumba wako awe hajakataza kwenye mkataba wa pango. Tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya Canada inaruhusu miche 4 kwa nyumba. Kwa nyumba, si kwa kichwa: wewe, mkeo na shemeji anayelala sebuleni, jumla yenu ni 4. Kama unasoma ukiwa Dar au Mombasa, soma ucheke, ufunge ukurasa. Huko mche mmoja dirishani unatosha kukufikisha mahakamani, na hakimu hatauliza unanukia tunda gani.

Hatua ya 1: Nunua jina

Mbegu zote zinafanana. Ukizimwaga mezani, hata aliyekuuzia hawezi kukuonyesha ipi ni ya limau na ipi ni ya chungwa. Kwa hiyo usihangaike na mbegu. Hangaika na jina.

Majina yapo tele: Tangie, Super Lemon Haze, Lemon Skunk, Agent Orange, Mimosa. Chagua mawili tu, uyajue kwa ukoo. Tangie ilitengenezwa na DNA Genetics wa Amsterdam, na damu yake ni ya California Orange na Skunk. Super Lemon Haze ni mtoto wa Lemon Skunk na Super Silver Haze, imetoka Green House, nayo ilitwaa kombe la Cannabis Cup huko huko Amsterdam mwaka 2008 na tena 2009. Zikariri nasaba hizi kama shabiki wa Simba anavyokariri kikosi cha msimu uliopita. Anayejua jina la babu haulizwi kama mjukuu yupo.

Utaniuliza, je, mbegu zikiwa za kitu kingine? Hakuna atakayejua. Mwaka 2015 watafiti wa Canada walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya bangi. Wakalinganisha sampuli zenye jina moja, na katika ulinganisho 6 kati ya 17 wakakuta sampuli inafanana zaidi na zenye jina jingine kuliko na wajina wake. Tafsiri yake kwako ni hii: nunua mbegu za bei ya chini kabisa, bandika karatasi ya gundi kwenye chungu, chukua kalamu ya wino mzito, uandike TANGIE. Wauzaji wengine wamefanya kitu hicho hicho, tofauti ni kwamba wao wana mashine ya kuchapa.

Hatua ya 2: Sema "chotara" mapema

Kila mgeni atakuuliza: hii ni sativa au indica? Ugomvi huu ni wa zamani. Linnaeus aliipa sativa jina lake mwaka 1753, Lamarck akaja na indica mwaka 1785, na hadi leo wataalamu wa mimea hawajakubaliana kama ni mimea miwili au mmoja. Wewe usiingie humo. Sema "chotara", kisha nyamaza kidogo, kisha ongeza "sitini kwa arobaini". Usifafanue sitini ni ya nani. Hakuna mizani ya kuipimia.

Uzuri wa jibu hili ni kwamba linakaribia ukweli. Bangi inayouzwa madukani leo karibu yote imechanganywa na kuchanganywa tena. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, wakitumia sampuli za Uholanzi, walionyesha kwamba maneno sativa na indica kwenye vibandiko hayafuati ukoo wa mmea. Yanachofuata, kwa kiasi fulani, ni viambato vichache vya harufu. Yenye wingi wa kiambato kiitwacho mirsini, inayonukia udongo, watu huelekea kuiita indica. Yenye harufu tamu huitwa sativa. Yaani ulimwengu mzima umekuwa ukibandika majina kwa pua, na pua unayo.

Hatua ya 3: Panda, maana picha lazima ipigwe

Hapa utafanya kazi kidogo, nisamehe.

Tia mbegu kwenye udongo, kisha iue kwa mapenzi. Mwagilia asubuhi, mwagilia mchana, mwagilia ukirudi kazini. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na chungu kilichojaa maji kinaizamisha. Majani yatalegea. Wewe utadhani ni kiu, utaongeza maji. Njia hii haijawahi kumwangusha anayetaka kushindwa mapema, na ina heshima yake, kwa sababu hakuna atakayekuita mvivu.

Mche ukikaidi ukaishi, kuna taa. Ukiwa ndani ya nyumba, mmea huu unakua ukipewa mwanga wa saa 18 hivi kwa siku, na unatoa maua ukipewa saa 12 za mwanga na 12 za giza totoro. Giza totoro, si giza la kwetu sote tunaoacha taa ya ukumbini ikiwaka. Shemeji akifungua mlango wa stoo saa nane za usiku kutafuta chaja, mmea unachanganyikiwa. Ukichanganyikiwa mara nyingi, ule wa kike unaweza kutoa vifuko vya kiume, ukajichavusha wenyewe, na maua yakajaa mbegu. Sasa una mavuno ya mbegu za kitu usichokijua. Rudi Hatua ya 1, anza kuwauzia watu majina kichwani mwako. Kichwani tu: kuuza bila leseni ni kosa.

Ukipenda kushindwa kwa njia ya kiungwana zaidi, otesha nje, kwenye roshani. Hapa ndipo chotara za machungwa zinapokupa zawadi. Toronto mmea unaanza maua Agosti, usiku ukiwa umerefuka vya kutosha. Tangie inataka wiki 9 au 10 za maua. Hesabu mwenyewe: unaangukia katikati ya Oktoba. Zile zenye damu ya Haze ndizo zenye maringo zaidi, maana asili yao ni nchi za joto karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hugawana sawa mwaka mzima kama kwetu, na hazikufundishwa haraka. Basi wakati shada lako linaanza kunenepa, mvua za baridi zinaingia, unyevu unajificha katikati ya shada, na ukungu wa kijivu unalila kutokea ndani. Nje linang'aa. Ukilibonyeza, linavunjika vumbi.

Usilie. Ndipo penyewe. Sasa una sentensi ambayo mkulima wa kweli tu ndiye huisema: "Mwaka huu Oktoba ilitunyima." Itamke ukitazama dirishani. Usiongeze kitu.

Picha, lakini, upige Julai. Julai mmea una majani mapana, kijani kibichi, haujapata utitiri wala ukungu. Tangie hurefuka kwa fujo, kwa hiyo simama nyuma yake ili shina likufikie kifuani, na upige kutokea chini. Limau moja lililokatwa uliweke kwenye ukingo wa chungu, kana kwamba limejiangukia.

Hatua ya 4: Harufu, hapa twende polepole

Jina kubwa la kujua ni limonini. Ndiyo inayolipa ganda la chungwa harufu yake, na mafuta ya ganda hilo ni limonini kwa zaidi ya asilimia 90. Bangi nayo inaitengeneza, katika vinyweleo vidogo vya utomvu vinavyolifanya ua lionekane limenyunyiziwa chumvi. Useme "limonini" mara moja kwa jioni. Ukisema mara mbili utaonekana umeisoma leo.

Ila usidanganyike kwamba limonini peke yake ndiyo mchezo. Aina nyingi zina limonini na hazinukii chungwa hata kidogo. Mwaka 2021 watafiti wa California walibaini kwamba ule uvundo wa bangi, unaofanana na wa yule mnyama mnukaji wa Marekani aliye mfano wa kicheche wetu, unatokana na viambato vya salfa vilivyomo kwa kiasi kidogo mno. Wakarudi mwaka 2023 na kuonyesha kwamba hata tofauti za zile harufu za kifahari, za matunda na za michungwa, zinaamuliwa sana na viambato vidogo vidogo ambavyo vibandiko havivitaji. Kwenye aina zile zenye harufu nzito ya kemikali na chakula wakakuta skatoli, ambayo pia hupatikana katika kinyesi. Habari hii ihifadhi. Siku yule jamaa wa Scarborough atakapoleta chupa yake mpya inayosifiwa kwa "uzito", nusa, tabasamu, umuulize kwa upole kama amewahi kusoma kuhusu skatoli.

Kwa jirani, harufu haina nasaba. Yeye atanusa salfa tu na kuandika barua kwa meneja wa jengo. Mpelekee machungwa mfuko mmoja kabla mmea haujachanua. Atakapokuja kulalamika, atakuwa ameshayala.

Hatua ya 5: Vuna kwa pupa

Mkulima mvumilivu huchukua kioo cha kukuzia, akaangalia vile vinyweleo: vikiwa angavu, bado, vikigeuka rangi ya maziwa, karibu, vikianza kuwa kahawia ya asali, vuna. Wewe una wageni Jumamosi. Vuna Alhamisi.

Hatua ya 6: Tanuri, na ganda la chungwa

Maua hukaushwa yakining'inizwa gizani, kwenye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18 hivi na unyevu wa karibu asilimia 60, kwa siku 10 au wiki mbili. Baada ya hapo yanafungiwa kwenye chupa za kioo, zikifunguliwa kila siku kidogo zipumue, kwa wiki kadhaa. Sababu ya ubembelezi wote huu ni moja: viambato vya harufu huruka upesi. Ndiyo maana unavinusa. Vimeshaondoka kwenye ua, viko puani.

Kwa vile umevuna Alhamisi, utatumia tanuri ya jikoni. Baada ya robo saa nyumba nzima itanukia chungwa kwa utukufu ambao hutausahau, kwa sababu chungwa lote ndilo hilo linatoka kupitia dirishani. Kitakachobaki kwenye sinia kitanukia nyasi zilizofyekwa juzi.

Sasa ile mbinu ya wazee. Chukua chungwa, si lile lenye nta la dukani, ulioshe na kulikausha. Menya kwa kisu kikali, utepe mwembamba kiasi cha kidole cha shahada, na ukwangue ule weupe wa ndani maana ndio wenye maji. Ukunje ganda kwenye mwanga wa dirisha: utaona ukungu mwembamba wa mafuta unaruka kutoka kwenye vitundu vyake. Huo ndio unaoutaka. Lidumbukize ganda kwenye chupa pamoja na zile nyasi zako, funga, acha usiku kucha. Asubuhi maua yatakuwa yamelainika kidogo na yananukia kama kwa yule jamaa.

Lakini litoe ganda asubuhi hiyo hiyo. Hapa nakushauri bila mzaha, kwa mara ya kwanza na ya mwisho: ganda bichi linaingiza unyevu, unyevu unaleta kuvu, na mapafu ya wageni wako hayajui kama ni utani. Ukiona utando mweupe kama pamba, usiupulize, usiukwangue. Mwaga chupa yote, urudi kwenye ile sentensi ya Oktoba.

Hatua ya 7: Duka

Nimekuficha hatua hii hadi sasa makusudi, ili uwe umetoka jasho kidogo. Mabingwa wenye akili huanzia hapa.

Ontario ina maduka halali kila kona. Ingia, toa kitambulisho, agiza gramu chache za kitu chochote chenye limau au chungwa kwenye jina. Barabarani usibebe zaidi ya gramu 30 za bangi iliyokaushwa, ndio ukomo wa kisheria. Ukifika nyumbani bandua stempu ya ushuru, ichanechane, na lile kopo gumu la kuzuia watoto ulizike chini ya taka za ndizi. Hakuna kitu kinachomwumbua bingwa kama kopo lenye bei. Hamishia maua kwenye chupa yako ya kioo, ile yenye karatasi ya TANGIE kwa mwandiko wako, na uiweke kabatini juu kabisa, mbali na watoto. Chupa halisi ya mkulima huwa na alama za vidole vyenye utomvu. Pakaza asali kidogo, itatosha.

Kumpa mtu mzima mwenzio ni halali. Nawe liseme hilo kwa kiburi: "Mimi siuzi." Ni kweli tupu. Mtu akianza uongo wake na kweli tupu, hata yeye mwenyewe hulala usingizi.

Hatua ya 8: Kunusisha

Wakaribishe wageni kwa chungwa. Wamenyee mwenyewe, uwape kwenye sahani, wale kwa mikono. Baada ya dakika kumi ndipo uteremshe chupa. Kila mmoja atailetea pua vidole vyake vyenye limonini ya asilimia 90, na kila mmoja atasema, "Mh! Chungwa kabisa."

Waache waseme wao kwanza. Kisha wewe urekebishe. Hapa lugha yetu imekupa mali: mwambie mmoja, hapana, hili si chungwa, ni chenza. Mwambie wa pili avute pumzi tena asikie danzi mwishoni, ule uchungu wa ganda. Wa tatu akidai anasikia balungi, mkubalie upesi, umwambie ana pua. Huyo ndiye atakayekutetea ukiwa haupo.

Watauliza asilimia ya THC, yaani kilevi chenyewe. Taja 24 bila kupepesa. Mwaka 2023 watafiti walichapisha vipimo vya sampuli 23 kutoka maduka 10 ya Colorado, na 18 zilikuwa chini ya kiwango cha chini kabisa kilichoandikwa kwenye kibandiko. Kama maduka yenye maabara yanajitia chumvi kiasi hicho, wewe mwenye roshani unaogopa nini?

Mgeni mmoja ataanza kupata wasiwasi, atashika kifua, ataulizia funguo zake. Mwambie kwa utulivu kwamba limonini hupunguza wasiwasi. Watafiti wa Johns Hopkins walichapisha hilo mwaka 2024. Usimwambie kwamba wao walitumia limonini iliyopimwa, na kwamba iliyoleta nafuu ni dozi ya miligramu 15, ilhali wewe hukupima chochote. Mpe maji, mkalishe karibu na dirisha, na funguo uzitie mfukoni mwako hadi kesho.

Hatua ya 9: Atakayeomba kikonyo

Yupo. Kila baraza lina mmoja, mara nyingi ni mzee aliyelima kweli, Muheza au Malindi, ambaye hakunusa chupa kwa haraka. Ameitazama tu. Amekitazama na kile chungu kitupu roshani. Ataweka glasi chini, aseme, "Mwanangu, hongera. Basi nikatie kikonyo kimoja nami nikajaribu."

Usiseme mche umekufa, atataka kuona shina. Usiseme umeuvuna wote, atataka mbegu. Mjibu: "Shikamoo yako naiheshimu, mzee, lakini mche mama nimeuhamishia kwa rafiki yangu Montreal, kwenye nafasi." Akiomba picha, teremsha sauti, umkumbushe kwamba Quebec imekataza kuotesha nyumbani hata mche mmoja, na kwamba mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Canada ililiacha katazo hilo lisimame. Kwa hiyo picha hazipigwi, na jina la rafiki halitajwi.

Akishaitikia kwa kichwa, mwongezee chai. Akiendelea kukutazama, mpe chupa yote aende nayo.